Mashine ikikosea hospitalini, nani anaulizwa?

Wale mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya somo la hifadhidata nawaomba subira, itakuja. Leo nataka tuongee juu ya mashine ambazo wengi hawazihesabu kama kompyuta, ingawa ndani yake kuna programu kama hizi ninazoandika mimi kila siku ili nipate ugali. Ni mashine za hospitalini. Nitapita njia ya historia, maana hata sisi tuliosomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu habari hii tunaijua nusu nusu tu.

Mimi ni mtu wa Garsen. Kwa wasiopajua, ukitoka Malindi kwenda kaskazini unasafiri zaidi ya kilomita 100, halafu unafika njia panda: huku Witu na Lamu, kule Hola na Garissa, na Mto Tana uko hapo hapo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 katika kaunti nzima ya Tana River, nayo ni kaunti kubwa kweli kwa ardhi. Ukiugua Garsen kuna hospitali ya Ngao kule delta, kuna Hola ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya kaunti, na baada ya hapo ni Malindi au Mombasa. Mto ukifurika, kama ulivyofurika 1997, 2018 na 2023, hata hizo njia huhesabu tena. Kwa hiyo kwetu swali la nani anawajibika mashine ikifa au ikisema uongo si la mawakili peke yao. Nairobi mashine moja ikigoma unavuka barabara. Kwetu unatafuta gari, na gari likipatikana unaomba barabara isiwe imekatika.

Tuanze na sheria, nitapita haraka. Kenya ina Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, ya mwaka 1957. Hiyo ilitungwa kwa ajili ya dawa: nani anauza, nani anaandikia, sumu inafungiwa wapi. Halafu kuna sheria ya madaktari, Sura ya 253, iliyoanza kufanya kazi 1978, na hiyo ni ya kumwangalia mtu: ana cheti? Ameandikishwa? Amekosa adabu ya kazi? Sasa angalia pengo lililobaki katikati. Dawa ina sheria yake, daktari ana sheria yake, na mashine aliyoishika daktari iko wapi? Kwa miaka mingi haikuwa na mwenyewe. Eksirei ndiyo iliyopata bahati, kwa sababu mionzi inaogopesha, na mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuwakinga watu na mionzi. Lakini mashine ya kupumulia, ya dawa ya usingizi, ya kuchemshia vyombo vya upasuaji, hizo ziliingia nchini kama mzigo mwingine wowote bandarini. Baadaye Bodi ya Famasia na Sumu ikaanza kuziandikisha, na Sheria ya Afya ya 2017 ikasema kwa maandishi kwamba iundwe kwa sheria ya bunge mamlaka moja ya kusimamia bidhaa na teknolojia zote za afya. Miaka 60 kutoka dawa hadi mashine!

Msidhani ni Kenya tu. Marekani yenyewe, na utajiri wake wote, haikuwa na sheria kamili ya vifaa vya tiba mpaka 1976. Na hata baada ya hapo ikatokea habari ambayo kila mtu anayeandika programu angepaswa kuijua kama anavyojua jina la mamake.

Mashine iliitwa Therac-25. Ilitengenezwa na kampuni ya serikali ya Kanada, AECL, kwa ajili ya kutibu saratani kwa mionzi. Iliweza kazi mbili: kupiga miali ya elektroni moja kwa moja, au kupiga miali ya eksirei. Kwa kazi ya pili nguvu ilipandishwa karibu mara 100, lakini kwanza kipande cha chuma kilipaswa kuja mbele ya miali ili kuibadilisha na kuipunguza. Mashine za zamani za kampuni hiyo zilikuwa na vizuizi vya chuma na fyuzi: kama kipande hakijakaa mahali pake, mashine haiwaki hata ukiilazimisha. Kwenye Therac-25 waliviondoa vizuizi vile na kuiachia programu kazi yote. Programu iliandikwa na mtu mmoja, na sehemu yake ilinyofolewa kutoka mashine za nyuma.

Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 watu 6 walipigwa mionzi kupita kiasi kikubwa mno, Marekani na Kanada. Wasiopungua 3 walikufa kwa sababu hiyo. Pale Tyler, Texas, mwaka 1986, mwendeshaji alikosea herufi moja, akarudi juu kwa kibodi akairekebisha haraka haraka kwa sababu alikuwa mzoefu, akaendelea. Kwa kuwa alirekebisha ndani ya sekunde 8, sehemu moja ya programu ilijua mabadiliko na nyingine haikujua. Skrini ikaandika maneno yasiyoeleza kitu: hitilafu namba 54. Mwendeshaji akabonyeza kuendelea, kama alivyozoea, maana mashine hiyo ililalamika kila siku. Ndani ya chumba mgonjwa alikuwa anaungua. Na hapa ndipo ninaposimama kila nikisoma habari hii: kamera ya kumwangalia mgonjwa siku hiyo ilikuwa haijachomekwa kwenye umeme, na kipaza sauti cha kumsikia kilikuwa kimeharibika. Vifaa viwili vya bei rahisi kabisa.

Ajali ya mwisho, ya Yakima, ilitokana na jambo ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza watalielewa. Kulikuwa na kihesabio cha baiti moja. Kila programu ilipozunguka kiliongezwa 1. Baiti moja inafika 255, ikiongezwa tena inarudi 0. Na sifuri kwa programu ile ilikuwa na maana ya "kila kitu sawa, hakuna haja ya kukagua". Kwa hiyo kila mzunguko wa 256 mlango wa usalama ulikuwa wazi kwa kitambo kidogo, na siku moja mtu akapita.

Kosa la programu ni la kawaida. Mimi nimeona mengi na nitaona mengine. Kinachoniuma ni jinsi taarifa zilivyozunguka. Hospitali ya kwanza ilipolalamika iliambiwa mashine haiwezi kufanya kitu kama hicho. Hospitali nyingine hazikujua kwamba kuna malalamiko. Mwanafizikia wa hospitali ya Tyler ndiye aliyekaa na mwendeshaji wake wakairudia hitilafu kwa mikono mpaka wakaipata. Kampuni haikuipata, wala serikali haikuipata. Aliipata mtu wa hospitali aliyekataa kuambiwa "haiwezekani". Sasa nijiulize, na ninyi mjiulize: Hola au Ngao, mtu wa namna hiyo angempigia nani simu? Na angeandika wapi?

Tuhame kidogo kutoka kwenye mashine twende kwenye kisu, kwa sababu upasuaji una historia yake ya kukwepa daftari. Mjini Boston kulikuwa na daktari wa upasuaji aitwaye Ernest Codman. Alikuwa na wazo moja lililowaudhi wenzake: kila mgonjwa aliyepasuliwa afuatwe mpaka ijulikane mwisho wake, na kama hakupona, iandikwe ni kwa nini. Hospitali yake kubwa haikutaka, akajiuzulu mwaka 1914. Alikuwa na hospitali yake ndogo, na akachapisha matokeo yake: wagonjwa 337 walioruhusiwa kati ya 1911 na 1916, na makosa 123 yaliyotendeka. Makosa yake mwenyewe na ya hospitali yake, akayaandika na kuyasambaza! Sisi waandishi wa programu leo tuna orodha ya hitilafu kwa kila mradi na tunadhani tumevumbua jambo. Codman alikuwa nayo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na alilipia kwa kazi yake na marafiki zake.

Turudi nyumbani. Novemba 2007, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Vijana wawili wodini, wana jina la kwanza moja. Mmoja anahitaji kupasuliwa kichwa, mwingine goti. Yule wa goti akapasuliwa kichwa, yule wa kichwa akapasuliwa goti. Wenye umri wa kukumbuka wanajua jinsi Afrika Mashariki yote ilivyoshika tama.

Miaka 10 ikapita na ushei. Machi 2018 habari zikatoka Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi: wagonjwa wawili, mmoja ana damu iliyoganda kwenye ubongo na anahitaji upasuaji, mwingine ana uvimbe tu usiohitaji kisu. Aliyefunguliwa fuvu ni yule wa uvimbe. Madaktari walitafuta damu iliyoganda kwa saa kadhaa ndipo wakatambua kwamba haipo. Watu wanne walisimamishwa kazi: daktari wa upasuaji, muuguzi wa wodi, muuguzi wa kupokea wagonjwa thieta na daktari wa usingizi. Mkurugenzi akapelekwa likizo ya lazima na waziri.

Mtu wa hifadhidata akisikia habari hizi mbili anaona kitu kile kile. Jina si kitambulisho. Hili tunafundishwa wiki ya kwanza: usitumie jina kama ufunguo wa jedwali, maana majina hurudiwa. Pale Garsen ukiita jina la Mohamed au Abdi au Fatuma sokoni watageuka watu 10. Na kipande cha karatasi mkononi kikibandikwa kwa mtu asiye wake, kila hatua inayofuata inakuwa sahihi kwa mtu asiye sahihi. Daktari wa Nairobi aliletewa mgonjwa mwenye karatasi. Kumsimamisha kazi huenda kulistahili, siwezi kuhukumu, lakini kusimamisha watu wanne hakubadilishi jinsi karatasi inavyofungwa mkononi.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwepo tayari, na sehemu ya historia yake iko kwetu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, ukurasa mmoja, mambo 19. Kabla ya dawa ya usingizi taja jina la mgonjwa, upasuaji gani, upande gani. Kabla ya kukata kila mtu ajitambulishe. Kabla ya kutoka hesabu sindano na vitambaa. Ilijaribiwa katika hospitali 8 za dunia: Seattle, Toronto, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na ya 8 ilikuwa Ifakara, Tanzania. Ndiyo, Ifakara ya bonde la Kilombero, mji wa mto, mashamba ya mpunga na mafuriko, mahali ambapo mtu wa Tana Delta angejiona yuko kwao. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote 8 pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa karatasi! Tafiti za baadaye mahali pengine hazikuonyesha kushuka kukubwa hivyo, hasa pale karatasi ilipojazwa ili ijazwe tu, na hilo nalo tunalijua vizuri sana Kenya.

Kati ya yale mambo 19, moja ni kifaa: kile kidude kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kwenye damu. Kiwe kimewekwa na kiwe kinafanya kazi. Sawa. Lakini Desemba 2020, katikati ya korona, watafiti wa Michigan walichapisha jambo lililoniacha mdomo wazi. Walilinganisha namba za kidude hicho na damu yenyewe iliyopimwa maabara. Kwa wagonjwa weusi, pale ambapo kidude kilisema oksijeni ni ya kutosha, kilikuwa kimekosea kwa asilimia 11.7. Kwa wagonjwa weupe asilimia 3.6. Karibu mara tatu. Kifaa hufanya kazi kwa mwanga unaopita kwenye ngozi, na waliokipima kiwandani walipima zaidi kwenye ngozi nyeupe. Kilikuwa sokoni kwa miongo kadhaa, kimeidhinishwa, kina mihuri yote.

Fikiri sasa: Garsen nzima, Wapokomo, Waorma, Wawardei, sote, ni ngozi ambayo kifaa kile hakikuzoeshwa. Kama nchi inategemea muhuri wa ng'ambo bila kupima yenyewe, basi muhuri ule unasema ukweli wa watu wengine. Hii ndiyo sababu hasa ya kuwa na mamlaka yenye maabara yake na meno yake, si dawati la kugonga vibali.

Na sasa fedha. Februari 2015 Serikali ya Kenya ilitia saini mkataba wa kukodi vifaa vya hospitali, unaojulikana kama MES. Hospitali 98: mbili kwa kila kaunti, na nne za kitaifa. Shilingi bilioni 38 kwa miaka 7. Vifaa vya thieta, vya kutakasia vyombo, vya kusafisha figo, vya wagonjwa mahututi, vya eksirei na picha. Tana River ikiwa mojawapo ya kaunti 47 ikaingia humo, na fedha zikakatwa kwa kila kaunti kwa kiasi sawa, shilingi milioni 95 kwa mwaka mwanzoni, baadaye zikapanda hadi milioni 200. Haikujali kama kaunti ina daktari bingwa wa figo au haina, wala stima ya kutosha au maji ya kutosha. Afya ilikuwa imeshagatuliwa tangu 2013, lakini mkataba ulikuwa wa Nairobi, na magavana walilalamika kwamba hawakuonyeshwa kilichomo. Unalipia nyumba usiyoruhusiwa kusoma mkataba wake wa kodi.

Seneti ikaunda kamati iliyoongozwa na Fatuma Dullo wa Isiolo, na ripoti yake ikatoka 2020. Ilikuta vifaa vimekaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, maji, umeme au hata jengo, huku malipo yakiendelea. Na kuna kipande ambacho mtu wa programu hawezi kukipita: mkataba tofauti wa 2017, shilingi bilioni 4.9, wa kuunganisha hospitali hizo 98 kwa mfumo mmoja wa kompyuta. Ukavunjwa kabla mfumo haujafika hospitalini. Mimi nimejenga mifumo midogo kwa kazi, na nawaambia kwa uhakika kwamba kama ungeuliza kwanza "hospitali gani ina mashine ipi, namba gani, iko hali gani", ungejua mengi kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wa 2011 uliokusanya orodha za vifaa kutoka nchi 16 maskini ulikuta wastani wa asilimia 38.3 ya vifaa vya tiba havifanyi kazi. Sababu: hakuna wa kuvitunza, hakuna mafunzo, hakuna miundombinu. Ubovu wa kiwandani haukuwa jambo kubwa.

Nikisema daftari ndiyo mwanzo wa uwajibikaji, mtu wa Tana River asinione natia chumvi. Machi 1959, Hola, wafungwa 11 wa Mau Mau walikufa kambini. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema wamekufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha wamepigwa. Karatasi ya daktari ilishinda taarifa ya serikali, na habari ikafika mpaka bunge la Uingereza Julai mwaka ule. Si habari ya mashine, najua. Lakini ni hapo hapo Hola, na ni mfano wa nini hutokea pale mtu wa tiba anapoandika alichokiona.

Sasa tuna Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023, na mazungumzo yote ni ya kumbukumbu za mgonjwa. Vizuri. Lakini mashine nayo inahitaji faili lake. Marekani walianza 2013 kudai kila kifaa kiwe na namba yake ya kipekee, ili kifaa kikigundulika kibovu ijulikane kiko mwilini mwa nani au chumba gani. Hakuna uchawi hapo, ni jedwali moja tu.

Nimeandika programu ndogo ya namna hiyo kwa wakati wangu, inayofanya kazi kwenye simu ya kawaida bila intaneti na kutuma data mtandao ukirudi. Safu zake: jina la kifaa, namba ya kiwandani, kimetoka wapi, kilifika lini, nani alikifunga, kilikaguliwa lini mara ya mwisho na nani. Kituo kimoja pwani, ambacho sitakitaja, kilikubali kuijaribu. Muuguzi aliyenisaidia alizunguka na simu yake kwa asubuhi nzima, dada mkakamavu sana, akajaza vifaa 41. Safu ya kwanza na ya pili zilijaa zote. Safu ya "kimetoka wapi" ilijaa nusu, mara nyingi kwa neno "msaada". Safu ya mwisho, ya nani alikagua, ilikuwa na majina mawili, na mmoja wao alikuwa amestaafu.